Mashine Haizimwi Msimu wa Kusaga

Dos Ceibas, 20 Oktoba 2002

Yusimí mwanangu,

Habari za huko Havana. Mimi nipo. Mgongo unauma, lakini ni mgongo ule ule unaoujua, haujaleta jipya. Shangazi yako Onelia anakusalimu, anauliza kama unakula. Jogoo amekufa. Kaburi la mama yako nimelipalilia wiki iliyopita, usiwe na wasiwasi nalo.

Kiwanda cha sukari ndiyo basi tena. Uliondoka tukiwa bado tunabishana, hawa wanasema kitafungwa, wale wanasema hapana. Kimefungwa. King'ora hakilii. Watu wanaamka saa zile zile za zamu, wanakaa mlangoni, wanatazamana.

Sasa sikia kichekesho. Wametupeleka shule. Kazi yetu siku hizi ni kusoma. Mimi, Wifredo, Cuco, na wazee wengine wa mitambo na wa mashamba ya miwa. Darasa liko kwenye ghala la magunia. Madawati ni ya watoto. Cuco alikalia la kwanza likavunjika, akasema, "Elimu imeanza kunikataa mapema."

Mbele wameweka televisheni na deki ya kanda. Mwalimu yumo humo ndani. Ni mama wa makamo, ana miwani, anafundisha hesabu kutoka huko huko Havana uliko wewe. Pembeni anasimama msichana wa kuwasha na kubadilisha kanda. Ni Mailín, binti wa Wifredo, yule uliyekuwa ukisukana naye nywele.

Siku ya kwanza mama wa televisheni akasema, "Habari za asubuhi, wanafunzi." Tukasimama wote. "Nzuri, mwalimu." Mailín akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Baadaye mama akauliza, "Nani anaweza kunipa jibu?" Nikanyoosha mkono.

Cuco akasema, "Eleuterio, shusha huo mkono, hakuoni."

"Adabu ni adabu," nikamwambia. "Haijalishi nani anaona."

Sasa tunamwita Mama Kioo. Anaongea vizuri yule mama. Hakasiriki, hababaiki, harudii neno. Siku hizi nanyoa ndevu kabla ya kwenda. Wifredo anasema, "Mjane kapata mchumba, tatizo hatoki kwenye sanduku." Waache waseme. Mama yako siku zote alitaka mtu wa nyumba hii awe mwalimu. Nilikuwa sielewi alikuwa anataka nini hasa. Sasa nikimtazama yule mama, naelewa.

Niandikie. Wewe darasa lako likoje?

Baba yako,
Eleuterio

*

Havana, 17 Novemba 2002

Mzee wangu,

Nimeisoma barua yako kwa sauti bwenini na wenzangu wote wanataka kumjua Cuco. Mwambie shangazi nakula. Wali na maharage, maharage na wali, Jumapili yai. Maji tunapandisha kwa ndoo hadi juu, kwa hiyo nimepata mikono kama yako. Jogoo nimemhuzunikia. Asante kwa kaburi la mama.

Nina darasa langu. Kidato cha kwanza. Mimi mwenyewe bado mwanafunzi wa ualimu, asubuhi nafundisha, jioni nafundishwa. Nimepewa masomo karibu yote: hesabu, historia, hata fizikia, mimi niliyefaulu fizikia kwa kuchungulia kwa jirani. Lakini hawakujali hilo, kwa sababu somo liko kwenye kanda. Nabeba kanda kutoka ofisini, naitia kwenye deki, nabonyeza, nasimama pembeni.

Baba, Mama Kioo wako ndiye huyo huyo wetu. Wakati wewe unamwamkia huko, mimi huku nimesimama kando yake.

Watoto wananiita Kitufe. "Kitufe kachelewa leo." "Kitufe, ongeza sauti." Mwanzo nilicheka.

Kuna msichana mmoja, Leidi. Anaandika vizuri kuliko wote. Ananakili kila kitu kilichoandikwa kwenye kioo, mistari imenyooka, na haelewi hata kidogo. Mama Kioo akisema, "Kama mlivyoona," wengine wanaendelea kutazama televisheni. Leidi ananitazama mimi. Ananitazama tu, halafu anainama anaendelea kunakili.

Maelekezo tuliyopewa ni kanda ichezwe hadi mwisho, bila kukatwa. Lakini mimi nataka kuizima. Nataka nichukue chaki nimweleze kwa maneno yangu. Nizime au nisizime? Usiniambie niwaulize wakubwa, wakubwa najua watakachosema. Nakuuliza wewe kwa sababu mama hayupo, na ningemuuliza yeye.

Naogopa, baba. Nikizima nikashindwa kueleza, nitajua mimi si mwalimu. Nisipozima, sitajua kamwe.

Nijibu upesi.

Busu,
Yusimí

*

Dos Ceibas, 8 Desemba 2002

Yusimí mwanangu,

Barua yako imechelewa, ndiyo maana na mimi nimechelewa. Hapa wote wazima isipokuwa mguu wa Onelia, umevimba, kaambiwa apunguze chumvi, na yeye kasema bora apunguze mguu. Nguruwe wa mwaka mpya amenona. Tutakula bila wewe, haya.

Umeuliza kitu. Nitakujibu kwa kukueleza yaliyotokea hapa, maana Mungu kaleta mfano mlangoni.

Asubuhi moja Mama Kioo alikuwa anafundisha, Cuco akanung'unika kwamba hajaelewa. Mailín akabonyeza, kioo kikawa cheusi. Akachukua chaki. "Mzee Cuco, niambie umepotelea wapi." Akaanza kuandika, akakosea, akafuta kwa kiganja, akaandika tena. Jasho linamtoka. Wengine wakasogeza shingo mbele. Mimi sikusogea. Kesho yake akazima tena. Keshokutwa tena.

Wewe unajua mimi nimekulia kwenye mitambo ya kusaga. Niliingia pale sina hata ndevu. Jambo la kwanza tulilofundishwa, kabla hata ya kuonyeshwa pa kukanyaga, ni kwamba mashine haizimwi msimu wa kusaga. Mtu anaumwa, mtu kafiwa, umeme unayumba, mashine inakwenda. Ikisimama, miwa inachacha uwanjani, jasho la watu wote linamwagika, na aliyeisimamisha anatajwa mpaka wajukuu wake. Sisi hatuna dhambi kubwa kuliko hiyo.

Kwa hiyo kwenye mkutano wa kozi nikasimama. Sikuwa nimezoea kusema mbele za watu, lakini nilisema. Nilisema, tumeletewa mashine na mwalimu ndani yake, mwalimu wa kweli, na huyu binti anaizima. Juzi tu alikuwa anaruka kamba hapo barazani, leo anamkata mama wa watu maneno. Nikasema, nani kamruhusu asimamishe mtambo? Wengi wakapiga makofi. Mkuu wa kozi akasema hoja ya mzee ni nzito.

Wiki iliyofuata Mailín hakuwepo. Wameleta bwana mmoja, anawasha, anakaa, anasoma gazeti. Kanda zinakwenda bila kusimama. Kumetulia. Wifredo alitoka nje nilipokuwa naongea, lakini yule namjua, atapoa.

Basi jibu langu ni hilo. Usizime. Wewe mtoto, yule mama anajua. Huyo Leidi atazoea.

Baba yako,
Eleuterio

*

Dos Ceibas, 2 Februari 2003

Yusimí,

Sijapata barua. Labda posta. Ile ya Desemba uliipata? Nilikujibu swali lako.

Nguruwe tulimla. Onelia alilia kidogo akitaja jina la mama yako, halafu akaomba aongezewe. Wifredo hakuja. Miaka yote anakuja yeye kumchoma, ndiye mwenye mkono. Safari hii nilichoma mwenyewe, ngozi ikaungua.

Darasani kahamia upande wa dirisha. Nikimsalimia anaitikia kama mtu anayekohoa.

Mama Kioo anakwenda kasi siku hizi. Nilimwambia yule bwana wa gazeti, nikasema labda deki ina kasoro, inakimbiza. Akaniambia, "Mzee, kanda ni ile ile." Sijui.

Andika hata mistari miwili.

Baba

*

Havana, 9 Machi 2003

Baba,

Nimezipata zote mbili. Posta haina kosa. Nilikuwa na kazi nyingi.

Nipo mzima. Mguu wa shangazi uendelee kupumzishwa, na asidanganye kuhusu chumvi. Huku kulikuwa na baridi, nilinunua sweta kwa mwenzangu, ni la kijani.

Mimi nilizima. Sikungoja jibu lako, barua zinachelewa na Leidi alikuwa ananitazama kila siku. Ilikuwa mwanzoni mwa Desemba. Nilieleza mara ya kwanza nikachanganya mwenyewe. Nikafuta. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu Leidi akasema, "Aaa." Basi. Lakini darasa zima lilisikia, na kuna kijana wa nyuma alisema, "Yusi, nieleze na mimi." Hakusema Kitufe.

Nilikuwa nimepanga kukuandikia hilo. Nilikuwa nimeshatafuta karatasi.

Halafu ikaja barua yako. Niliisoma nimekaa kitandani. Habari ya Mailín niliisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani unamsifu. Kesho yake nikaingia darasani, nikawatazama wale watoto mmoja mmoja, nikajiuliza ni baba wa yupi atakayesimama mkutanini. Nikawasha kanda. Sijaizima tena.

Leidi hakurudi baada ya mwaka mpya. Nilikwenda kwao. Mama yake alinifungulia mlango nusu, akasema, "Mtoto anasema haelewi, na aliyekuwa anamwelewesha ameacha."

Sina la kuongeza. Msalimie Mailín. Au hapana, usimwambie kitu.

Yusimí

*

Dos Ceibas, 30 Machi 2003

Yusimí mwanangu,

Wote wazima. Nimeisoma barua yako. Nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyozoea kusoma kitu.

Nilikwenda kwa Wifredo. Alikuwa mlangoni ananoa panga. Hana muwa wa kukata, ananoa tu.

"Leo umekuja kumshtaki nani?" akasema.

"Nimekuja kwa Mailín."

"Yupo ndani. Ongea naye polepole, huyo hana kitufe."

Nikaingia. Mailín alikuwa anamenya magimbi. Siku hizi yuko dirishani pa duka la mikate, anakaa siku nzima anapokea watu wanaolalamika mkate mdogo, kana kwamba kaukata yeye. Aliniona akainuka, akanipa kiti, akaniwekea kahawa. Bora angenitukana.

Nikamwambia, "Rudi utufundishe."

"Kwa ruhusa ya nani, mzee?"

"Nitaomba mimi. Nilisema kule, nitasema tena kule kule."

Akacheka kidogo, bila kuonyesha meno. "Siku ile ulipokuwa unasema, mimi nilikuwa nimekaa nyuma yako. Ulikuwa hujui?"

Nilikuwa sijui.

"Nilikuwa na somo la kesho yake mapajani. Nilikuwa nimeliandaa kwa Onelia, kwa kuwa kwetu baba anakoroma hata akiwa macho." Wifredo akaguna kule mlangoni. "Niliona shingo yako tu. Nikasema, huyu si ndiye aliyekuwa ananibeba mabegani wakati wa sherehe za mtaa, nione ngoma?"

"Kwa nini hukujitetea?"

"Kwako wewe? Ningeanzaje?"

Nikamwambia arudi, nikamwambia tena. Akasema hana hasira na mimi. Akasema amechoka tu, na dirishani hakuna anayemtazama akingoja kuelewa. Mikate inaisha, anafunga, anakwenda zake.

Nilikwenda kwa mkuu wa kozi vilevile. Nikamwambia nilikosea. Akaniambia, "Mzee Eleuterio, wewe si ulitaka iwake? Inawaka." Akaendelea na kazi yake.

Nilidhani nalinda kazi za watu. Ndivyo nilivyofundishwa, na sikujua kufikiri vingine. Lakini muwa hauna macho, Yusimí. Ukiupitisha mtamboni haukutazami ukingoja kuelewa.

Nilikwambia usizime. Neno hilo nalifuta. Zima. Zima kesho. Leidi mfuate tena kwao, ukifunguliwa mlango nusu ingiza mguu. Mkikaa mkutano akasimama mzee kama mimi, mwambie baba yako alikuwa wa kwanza na aliaibika.

Barua hii naipeleka posta mwenyewe sasa hivi.

Baba

*

Varadero, 15 Juni 2003

Mzee wangu,

Usishtuke na anwani. Nipo mzima, hakuna aliyekufa.

Barua yako ya Machi imenifikia juzi. Ilikwenda bwenini, mimi nimeshaondoka. Wenzangu wakaiweka juu ya kabati, hadi mmoja wao akapata safari ya huku.

Niliacha ualimu mwezi wa nne. Sikukuandikia kwa sababu kila nikianza naandika habari za hali ya hewa. Niko hotelini, natandika vitanda. Ni pazuri. Bahari iko dirishani mwa kila chumba lakini sisi tunafunga mapazia. Mwenzangu wa zamu ni daktari wa meno, ameacha kama mimi. Anakunja taulo ziwe kama bata, wageni wanapenda, akimaliza anasema, "Na huyu naye ana jino bovu." Tunacheka sana.

Leidi nilimfuata, kabla sijaondoka. Wamehamia kwa bibi yake, mkoa mwingine, jirani hakujua ni wapi.

Najua utataka kujiuliza kama barua ingewahi ingekuwaje. Usijiulize, baba. Mimi nimeacha kujiuliza. Labda nisingekuwa na nguvu hata hivyo. Darasani nilikuwa nimefika mahali nasubiri tu kanda iishe, na mtu akifika hapo aondoke, asiwaharibie watoto.

Sina hasira na wewe. Lakini usiniandikie barua ya kusikitika, tafadhali. Nitaisoma kazini na sitakuwa na pa kulilia, vyumba vyote vina watu.

Nimewawekea sabuni za hotelini, zinanukia vizuri. Moja ni ya Mailín.

Busu,
Yusimí

*

Dos Ceibas, 6 Julai 2003

Yusimí mwanangu,

Sawa.

Mvua imenyesha vizuri. Onelia amekubali kupunguza chumvi, sasa anaficha kipande cha nyama ya chumvi chini ya kitanda, paka ndiye aliyemfichua. Kiwanda wameanza kukibomoa, wanaondoa vyuma. Mtambo wangu wameutoa vipande vipande kwa lori. Sikwenda kutazama. Wifredo alikwenda, akaja kuniambia, kwa hiyo siku hizi ananisemesha kidogo, akiwa na habari mbaya.

Nina swali. Ni la hesabu.

Mama Kioo amesema hasi mara hasi ni chanya. Akasema, "Kama mlivyoona," akapita. Sisi hatukuona kitu. Nikamuuliza yule bwana wa gazeti. Akasema ndivyo ilivyo, andika. Nimeandika. Lakini siamini. Ukichukua kibaya ukakizidisha kwa kibaya, unapataje kizuri? Cuco anasema hiyo si hesabu, hayo ni maneno ya mkutanini.

Mtihani ni mwezi ujao. Sijali sana mtihani. Nataka kujua tu kwa nini.

Kama huna nafasi, acha.

Baba

*

Varadero, 20 Julai 2003

Baba,

Tafuta kiti ukae. Barua hii uisome polepole, na nikikuambia simama, simama.

Achana na kibaya na kizuri. Hasi si ubaya. Hasi ni kugeuka. Shika hilo kwanza.

Sasa, chukulia nina kamera ya video, na Wifredo anatembea kwenda mbele, kuelekea dukani. Nampiga picha. Nikiicheza ile kanda kwa kawaida, unamwona Wifredo anakwenda mbele. Kutembea mbele, kanda mbele: mbele. Hakuna ajabu.

Nikiirudisha kanda hiyo hiyo huku picha inaonekana, kama deki inavyofanya mtu akirudisha, utamwona Wifredo anakwenda kinyumenyume hadi anarudi kwake. Yeye alitembea mbele, lakini kanda imegeuka. Chanya mara hasi: hasi. Umemwona? Kama hujamwona, simama hapa, usisome chini.

Haya. Sasa ni Cuco. Cuco anatembea kinyumenyume tangu mwanzo, kama anavyotoka nyumbani kwake mkewe akiwa anasema. Nampiga picha. Kanda nikiicheza kawaida, unamwona anakwenda kinyumenyume. Hasi mara chanya: hasi. Bado tuko pamoja?

Sasa kanda ya Cuco, yule yule anayetembea kinyumenyume, mimi nairudisha. Simama. Fumba macho. Mtazame Cuco. Anakwenda wapi?

Usisome mstari unaofuata kabla hujamwona.

Anakwenda mbele.

Aligeuka mara moja yeye, akageuzwa mara ya pili na kanda. Mtu akigeuka, akageuka tena, anatazama kule kule alikokuwa anatazama mwanzo. Ni hilo tu. Mama Kioo angeweza kulisema, lakini ana dakika zake za kumaliza.

Kama hujaona, niandikie umepotelea wapi. Usiseme umeelewa kwa kuniogopa, wewe unapenda kufanya hivyo. Nina njia nyingine mbili za kulieleza. Moja ni ya kamba, moja ni ya mlango wenye bawaba. Nilizitunga zote kwa ajili ya Leidi. Hiyo ya Cuco ilikuwa na jina la kijana wa nyuma darasani, nimebadilisha.

Daktari wa meno amenikuta nachora Cuco nyuma ya karatasi ya orodha ya mashuka. Akauliza nafanya nini. Nikamwambia naandikia nyumbani.

Yusimí

*

Dos Ceibas, 10 Agosti 2003

Yusimí mwanangu,

Onelia mzima, paka mzima. Sabuni zimefika. Mailín kanusa yake akaiweka kwenye nguo, kasema hiyo si ya kuogea.

Nimeona.

Mara ya kwanza sikuona. Wifredo nilimwona bila shida, Cuco ndiye alinishinda. Nikatoka uani nikatembea mwenyewe kinyumenyume, halafu nikafikiria kanda inarudi. Onelia akauliza kutoka dirishani kwake kama jua limenipiga. Nikamwambia anyamaze, niko darasani. Mara ya tatu nikamwona Cuco anakwenda mbele, waziwazi, na tumbo lake. Nikakaa chini pale pale kwenye majani.

Nakuandikia ili ujue nimeelewa. Si kwa kukuogopa. Nimeelewa. Mama Kioo hawezi kujua kama nimeelewa au sijaelewa, hata ningenyoosha mikono yote miwili. Wewe sasa unajua.

Jana, wakati wa mapumziko, nikawaeleza wenzangu. Nikamsimamisha Cuco mwenyewe, nikamtembeza kinyumenyume katikati ya madawati, na mimi nikawa deki. Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Mmoja akasema, "Subiri, rudia hapo." Nikarudia. Wifredo alikuwa dirishani kajifanya hasikii, lakini niliona vidole vyake juu ya dawati vinakwenda mbele, vinarudi.

Cuco akauliza, "Nani kakueleza haya?"

Nikasema, "Binti yangu. Ni mwalimu."

"Ala. Anafundisha shule gani?"

Wote wakaningoja. Nikachukua kofia yangu nikatoka nje. Nilikaa kwenye kivuli cha ukuta wa ghala hadi yule bwana akawasha kanda, ndipo nikarudi ndani.

Zile njia nyingine mbili, ya kamba na ya mlango, niandikie. Nimeshaelewa. Niandikie tu.

Baba yako,
Eleuterio